Somo la Familia: Je, Tuhamie Princeton?

Fungu la kusoma: Mwanzo 13:1-13, Luka 14:28-30



Miezi hii, kila ibada ikiisha, swali ni lile lile pale kwenye chai. Mtu ana kikombe mkononi, anavuta kiti, anauliza kwa sauti ya chini kama anayeulizia dawa: "Dada, ninyi mlikwenda kuziona zile nyumba za Princeton. Mnasemaje?" Tumewajibu wengi, mmoja mmoja, na baadaye tukagundua kwamba kila mmoja tulimpa kipande tu. Huyu tulimwambia habari za barabara, yule habari za kodi, na wapo tuliowaambia, "Ombeni tu," kwa sababu watoto walikuwa wanatuvuta nguo. Kwa hiyo leo tumeandika yote mahali pamoja.

Sisi si madalali wala wanasheria. Mmoja wetu ni muuguzi wa shifti ya usiku, mwenzake anafanya kazi kwenye ghala kusini mwa Dallas. Tuna watoto watatu, na mama mkwe tunaishi naye. Tunayoyaandika hapa tuliyapata kwa matairi yetu na kwa hela yetu.

Tuanze na fungu. Abramu na Lutu hawakuachana kwa sababu ya tamaa. Maandiko yanasema mali zao zilikuwa nyingi na nchi ilikuwa haiwatoshi kukaa pamoja, wachungaji wao wakawa wanagombana. Tatizo lilikuwa nafasi. Hilo tulitazame vizuri, kwa maana wapo wanaowasema vibaya wanaotafuta nyumba kubwa, kana kwamba wameipenda dunia. Ukiishi watu sita katika apatimenti ya vyumba viwili, bibi analala sebuleni na kijana wa miaka 15 hana pa kufanyia kazi za shule, unayo haja ya kweli. Haja hiyo Mungu anaijua.

Kosa la Lutu lilikuwa katika kutazama. Aliinua macho, akaona bonde lina maji kila mahali, akalichagua palepale. Hatusomi popote kwamba alishuka kukaa huko hata siku moja kabla ya kuchagua, wala hatusomi kwamba aliuliza majirani watakuwa nani. Aliona maji na majani, na hayo yalikuwa kweli. Hakudanganywa na mtu. Aliona kitu kimoja cha kweli akadhani ameona vyote. (Hatusemi Princeton ni Sodoma, tafadhali. Baadhi yenu mmekwisha kuhamia huko na pilau yenu tumeila.)

Sasa na sisi tuliinua macho tukaona nini? Princeton iko wilaya ya Collin, mashariki mwa McKinney, karibu maili 40 kutoka katikati ya Dallas. Mwaka 2010 ilikuwa na watu 6,807. Mwaka 2020 walikuwa 17,027. Kufikia katikati ya mwaka 2024 walikuwa wamepita 37,000, na Ofisi ya Sensa ya Marekani ikautaja kuwa mji uliokua kwa kasi kuliko yote nchini katika miji yenye watu kuanzia 20,000: zaidi ya asilimia 30 kwa mwaka mmoja. Mwaka uliotangulia nafasi hiyo ilishikwa na Celina, ambao nao ni jirani zetu hapahapa kaskazini.

Ukiendesha huko unaona mwenyewe. Mashamba yamegeuka mitaa, na miti bado imefungwa vijiti isianguke. Bei ambayo Plano ilitupatia kuonyeshwa nyumba kuukuu ya vyumba vitatu, Princeton ilituonyesha mpya ya vyumba vinne yenye karakana ya magari mawili. Mama mkwe alisimama katikati ya chumba ambacho kingekuwa chake, chini, karibu na bafu, akasema, "Hapa nitasali vizuri." Ndugu zangu, maneno kama hayo yanasainisha mkataba.

Na kweli tulisaini. Ilikuwa Jumapili jioni, tumetoka ibadani na nguo za kanisani. Kijana wa mauzo alikuwa mpole, akatuambia punguzo linaisha siku hiyo. Tuliweka dola 3,000 za amana.

Jumanne ndipo tulipofanya jambo ambalo tungelifanya kwanza. Baba wa nyumba aliendesha hadi Princeton alfajiri, akageuza gari mbele ya ule uwanja wa nyumba yetu, akaanza safari ya kwenda kazini kana kwamba tayari anaishi pale. Aliondoka saa kumi na moja na robo alfajiri. Alifika ghalani saa moja kasoro dakika nane. Ni saa moja na dakika 37. Jumapili njia hiyohiyo ilituchukua chini ya saa moja, tukiimba.

Wasiojua ramani, sikilizeni sababu. Ziwa Lavon liko kusini mwa mji, kwa hiyo njia za kushuka moja kwa moja kwenda Dallas ni chache. Wengi hutoka kwa barabara ya 380 kwenda magharibi hadi McKinney, kisha wanashika 75 kushuka. Ile 380 inabeba malori, mabasi ya shule na kila mtu aliyehamia mashamba yale. Ipo mipango ya barabara kuu mpya ya kuizunguka McKinney, lakini nyumba unahamia mwaka huu na barabara utaisubiri miaka. Basi au treni usitegemee: Princeton si mwanachama wa DART, na mstari mwekundu wa treni unaishia Parker Road, Plano. Ukitaka kupanda treni, kwanza lazima uendeshe hadi huko. Kwa hiyo nyumba yenye watu wazima watatu wanaofanya kazi inahitaji magari matatu. Kijana akifika miaka 16, hesabu la nne.

Tuliolelewa Dar tunalijua jambo hili. Kila mmoja wetu ana mjomba aliyejenga Chanika au Kibaha na kazi yake iko Posta, watoto wanamwona Jumapili tu. Tulimcheka mjomba. Kumbe na sisi tulikuwa tunanunua Chanika yetu, tofauti ni kwamba hii ina zulia.

Sasa habari za muuguzi, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu katika kanisa letu tukihesabu wauguzi, wasaidizi wa wauguzi na wanaotunza wazee majumbani, karibu kila benchi lina mtu wa shifti.

Shifti ya usiku hukwenda kinyume na foleni, na hilo ndilo lilitudanganya. Jioni wengine wanapanda kaskazini, wewe unashuka. Asubuhi wao wanashuka, wewe unapanda. Tulijiambia, "Kwa muuguzi si tatizo, ni dakika 55 tu." Lakini hesabuni pamoja nasi. Mtu ameamka saa nane mchana. Anaingia kazini saa moja jioni, anatoka saa moja na nusu asubuhi baada ya kukabidhi wagonjwa. Anapowasha gari amekuwa macho masaa 17 na nusu. Tulifundishwa chuoni, na kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinasema hivyohivyo, kwamba kukaa macho masaa 17 kunapunguza uwezo wa mtu sawasawa na kuwa na kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Kwa masaa 24 ni sawa na 0.10. Sheria ya Texas inamkamata dereva kwenye 0.08. Sisi ambao hatugusi pombe tunaendesha 75 asubuhi na mapema tukiwa nusu ya njia ya mlevi, na watoto wa watu wako barabarani wanakwenda shule.

Hatusemi kwa nadharia. Miaka miwili iliyopita mmoja wetu alisinzia kwenye taa nyekundu, maili mbili kutoka nyumbani, baada ya usiku wa tatu mfululizo. Honi ya gari la nyuma ndiyo iliyomwamsha. Mguu ulikuwa bado kwenye breki, ashukuriwe Mungu. Hiyo ni safari ya maili tano. Tuliitafakari ya maili 35.

Halafu tazameni kinachobaki. Ukifika nyumbani saa mbili na nusu asubuhi na ukatakiwa kuondoka tena saa kumi na mbili kasoro robo jioni, una masaa tisa na robo ya kuoga, kula, kulala, kupokea watoto kutoka shule na kuulizwa kiatu kiko wapi. Atakayelala masaa saba hapo katikati hatujamwona. Kama mnafanya shifti za usiku na mmeamua kuhamia mbali, fanyeni angalau haya: msishike usiku wa tatu mfululizo, laleni dakika 20 ndani ya gari pale kwenye maegesho kabla ya kuondoka, na mwambieni mtu nyumbani saa mnayotoka. Kufungua dirisha na kupandisha sauti ya redio hakumwamshi mtu aliyechoka. Kunampa ujasiri tu.

Tuje kwenye fedha, ambako Luka 14 inatuita tuketi kwanza.

Mwaka 2025 idara ya kodi, IRS, ilikadiria gharama ya kuendesha gari kwa shughuli za kazi kuwa senti 70 kwa maili, ikijumlisha mafuta, matengenezo, bima na gari kuchakaa. (Usije ukaidai safari ya nyumbani hadi kazini kwenye kodi yako, hairuhusiwi. Tunaitumia kama kipimo tu.) Baba wa nyumba angeongeza maili 35 kwenda na 35 kurudi: dola 49 kwa siku, siku tano, wiki 48, ni dola 11,760 kwa mwaka. Muuguzi angeongeza maili 60 kwa shifti, shifti tatu kwa wiki: dola 6,048. Jumla ni dola 17,808, yaani 1,484 kwa mwezi. Tukasema, magari yetu ni ya zamani, hayana mkopo, tukate nusu. Bado ni dola 742 kwa mwezi. Nyumba ya Princeton ilikuwa na unafuu wa dola 500 kwa mwezi kuliko ile ya karibu. Tulikuwa tunakimbilia unafuu ambao ungetutoa mfukoni zaidi ya dola 240 kila mwezi.

La pili ni kodi ya nyumba. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo shule, mji na wilaya vinakula kwenye nyumba yako. Thamani hupimwa kama nyumba ilivyokuwa tarehe 1 Januari. Ukinunua nyumba ambayo siku hiyo ilikuwa kiwanja kitupu, mwaka wa kwanza unalipia kiwanja. Tuchukue mfano wa hesabu, tukiweka misamaha pembeni: kiwanja cha dola 80,000 kwa asilimia 2.2 ni dola 1,760. Mwaka unaofuata nyumba imesimama, thamani ni 320,000, kodi ni 7,040. Benki iliyokuwa ikikukata kidogo kila mwezi kwa ajili ya kodi inagundua akiba haitoshi, inapandisha malipo, na inadai pia pengo la nyuma. Familia mbili tunazozijua malipo yao yalipanda kwa mamia ya dola mwaka wa pili, wakadhani wameibiwa. Hawakuibiwa. Waliambiwa malipo ya mwaka wa kwanza wakayachukua kuwa ya miaka yote 30. Kwa hiyo mwulize mkopeshaji hivi: "Nipe malipo ya mwezi nyumba ikiwa imepimwa ikiwa kamili."

Ukishahamia, omba msamaha wa kodi kwa nyumba unayoishi mwenyewe, ambao hapa wanauita homestead. Kwa kodi ya shule msamaha huo ulipandishwa hadi dola 100,000 mwaka 2023 na hadi 140,000 mwaka 2025, na pia unazuia thamani inayotozwa isipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kuuomba ni bure, kwenye ofisi ya uthamini ya wilaya. Barua zitakuja zenye mihuri mizuri zikitaka mulipie mtu awajazie. Zitupeni.

La tatu, ulizeni kama mtaa una PID au MUD. Hizo ni tozo za kulipia barabara, mabomba na mifereji ya mtaa mpya, juu ya kodi ya kawaida, na zinaweza kudumu miaka mingi. Sheria ya Texas inamtaka muuzaji akupe taarifa yake kwa maandishi kabla hujafungwa na mkataba. Sisi tulipewa, ilikuwa katikati ya rundo la karatasi, tukaisaini pamoja na nyingine. Na kuna ada ya HOA, ambayo ndiyo pekee kila mtu huikumbuka.

Halafu mkataba wenyewe. Nyumba iliyokwisha kukaliwa kwa kawaida huuzwa kwa fomu ya tume ya jimbo, na mnunuzi anaweza kulipia kiasi kidogo apate siku chache za kukagua na kughairi. Mkataba wa mjenzi huandikwa na mjenzi. Wetu haukuwa na siku hizo. Tulipoghairi wiki ya pili, zile dola 3,000 zilibaki kwao, na kwa haki, kwa sababu ndivyo tulivyosaini. Yule kijana mpole alikuwa mfanyakazi wa mjenzi. Dalali wako mwenyewe unaruhusiwa kuwa naye, lakini mara nyingi lazima aje nawe siku ile ya kwanza kabisa.

Msomaji wa magazeti atauliza: mji wenyewe unasemaje? Septemba 2024 halmashauri ya Princeton ilisimamisha maombi mapya ya ujenzi wa makazi kwa siku 120, baadaye ikaongeza muda, kwa sababu maji, majitaka, barabara na polisi havikuweza kuwafuata watu. Nyumba zilizokwisha kuruhusiwa ziliendelea kujengwa. Tuliona hiyo ni dalili ya uongozi unaosema ukweli, lakini pia ni ukweli wenyewe. Shule nazo katika miji ya namna hii hufunguliwa mpya na mipaka yake huchorwa upya. Nyumba uliyoichagua kwa ajili ya shule fulani inaweza kupangiwa shule nyingine.

Limebaki la watu, na hili halina hesabu. Mama mkwe haendeshi gari. Hapa tulipo anatembea hadi duka la Wakongo kununua sombe na samaki, anakaa na mama wawili wa Kirundi, wanaelewana nusu na kucheka nzima. Kule chumba chake kingekuwa kizuri, na kuanzia saa kumi na mbili asubuhi angekuwa peke yake ndani yake. Tulimwuliza, jambo ambalo hatukulifanya kabla ya kusaini. Akanyamaza, kisha akasema, "Nitasali vizuri, lakini nitasali na nani?"

Na mnakumbuka misiba ya mwaka jana. Simu ilipigwa saa tatu usiku, saa nne sebule ilikuwa imejaa. Kutoka Princeton watu wangekuja, tunawajua. Wangekuja Jumamosi.

Lakini tusiwe wa upande mmoja. Ipo familia kati yetu ambayo wote wawili wanafanya kazi McKinney. Walihamia Princeton, safari yao ni fupi kuliko ilivyokuwa, watoto wana uwanja, na nyumba yao sasa ni kituo cha ushirika wa Ijumaa kwa kaya za upande ule. Kwao ulikuwa uamuzi mzuri na tunawapongeza. Kazi zao ziko karibu na nyumba yao, basi.

Sisi tulibaki kwenye apatimenti miezi kumi na moja zaidi, kisha tukanunua Garland nyumba ya mwaka 1974, vyumba vitatu na karakana tuliyoigeuza chumba cha bibi. Msidhani tulishinda. Mabomba ya majitaka chini ya sakafu ni ya chuma cha zamani na tayari tumebadilisha upande mmoja, na udongo wa huku unavimba na kusinyaa hadi milango miwili haifungi wakati wa kiangazi. Kijana bado analalamika kuwa tungekuwa na ngazi ndani ya nyumba. Ila muuguzi anafika kitandani saa mbili na dakika kumi.

Kwa mazungumzo ya nyumbani wiki hii, baba, mama na watoto wote wawepo:

Tunatafuta nafasi kwa ajili ya nani, na je, huyo tumemwuliza?

Nani katika nyumba yetu haendeshi gari, na siku yake itakuwaje?

Tumeendesha njia hiyo siku ya kazi, saa ya kazi, kwenda na kurudi?

Malipo ya mwaka wa pili ni kiasi gani, kwa maandishi?

Jumatano saa moja jioni tutakuwa ukumbini na kikokotoo. Aliye na mkataba ambao hajausaini aje nao. Aliyekwisha kusaini aje nao pia, tutausoma pamoja kwa utaratibu, na majina hayatatajwa. Walio kazini usiku huo wamwachie ujumbe mzee wa zamu, tutawapigia mchana, lakini baada ya saa tisa, mkiwa mmelala.